Somo la Ijumaa: Bwana na Bibi Wanaotafuta Mtoto Umri Ukiwa Umekwenda

Bismillahi Rrahmani Rrahim

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume wake. Usiitupe ovyo, wala usifungie karanga. Ukiisha kuisoma mpe jirani.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Muislamu, leo tunazungumza jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo mbele ya mwenyewe na kwa sauti kubwa akiisha kuondoka: nyumba iliyokaa miaka bila mtoto, na wenye nyumba si vijana tena. Nyumba za namna hii siku hizi tunazo nyingi katika jamaa zetu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza upya mwaka 1998, leo amekwisha pita 35. Masomo yake yalikatika, baba yake alikufa au alipoteza mali, yeye mwenyewe akaenda machimboni kutafuta mahari, na mahari ilipopatikana ndevu zilikwisha kuingia mvi. Dada yake naye alisoma mpaka chuo kikuu, au alilea wadogo zake, au aliolewa akafiwa na bwana, akaolewa tena akiwa na miaka 38. Katika hayo yote hakuna dhambi. Mama yetu Khadija (r.a.) alikuwa mjane alipoolewa na Mtume (s.a.w.). Wengi katika waandishi wa sira wamesema alikuwa na miaka 40, wengine wakataja 28, na kwa kauli zote mbili ndiye aliyemzalia watoto wake wote isipokuwa Ibrahim.

Basi somo la leo si la kulaumu waliochelewa. Ni la kuwaambia bwana na bibi nini cha kufanya, kwa dua na kwa hospitali, na kwamba kazi hiyo ni ya watu wawili.

ZAKARIYA ALIANZA NA MWILI WAKE MWENYEWE

Fungua Suratu Maryam mwanzo kabisa. Nabii Zakariya (a.s.) anamwita Mola wake kwa siri. Tazama alivyopanga maneno yake. Kwanza anataja mifupa yake iliyodhoofika. Pili anataja kichwa chake kilichojaa mvi. Kiisha anasema hajapata hata siku moja kurudi mikono mitupu alipomwomba Mola wake. Ni baada ya hayo yote ndipo anapomtaja mke wake kuwa ni tasa. Na katika Suratu Al Imran (aya ya 40), alipopewa habari njema akastaajabu, alitanguliza tena uzee wake yeye, kisha utasa wa mkewe.

Mwanaume huyu ni Nabii. Angeweza kusema tu: Ee Mola, bibi yangu hazai. Wangapi kati yetu tunasema hivyo, na tunaishia hapo? Sara mke wa Ibrahim (a.s.) naye, malaika walipomletea habari ya Is-haka, alisema yeye ni kizee na huyu bwana wake ni mzee (Suratu Hud, aya ya 72). Alitaja wote wawili. Katika aya hizi, nyumba iliyochelewa kupata mtoto haikuwekwa shingoni mwa mwanamke peke yake.

Tena soma Suratu Al-Anbiya, aya ya 90. Mwenyezi Mungu anasema alimwitikia Zakariya, akampa Yahya, na akamtengenezea mke wake. Wafasiri wengi wamesema maana yake ni kwamba mwili wake uliponywa utasa, akawa mwenye kuzaa. Yaani dua ilijibiwa kwa njia ya mwili kutengenezwa. Anayesema kwamba kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani, aisome aya hiyo taratibu.

KIZAZI CHA BWANA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye dhuluma.

Mila yetu inajua maneno mengi ya mwanamke asiyezaa, lakini ya mwanaume asiyezaa haina karibu neno. Bibi akikaa miaka miwili bila mimba, mama mkwe anaanza kuuliza, mawifi wanaanza kuimba mafumbo, baba wadogo wanamwita kijana barazani na kumwambia aongeze mke. Kijana anaoa wa pili. Wa pili hashiki mimba. Anaoa wa tatu. Wa tatu naye hivyo hivyo. Na bado wanatafuta ni mwanamke gani kati ya hao watatu aliyeleta mkosi! Ndugu yangu, ukipanda mbegu katika mashamba matatu na hakuna linaloota, mkulima mwenye akili anakwenda kutazama mbegu.

Madaktari wanasema hivi: katika nyumba zinazokosa mtoto, karibu nusu yake mwanaume anahusika, ama peke yake, ama pamoja na mkewe. Na mwanaume mwenye nguvu za kiume anaweza kabisa kuwa hana mbegu za kuzalisha. Nguvu ni jambo moja, mbegu ni jambo lingine. Unaweza kuwa simba na maji yako hayana kitu. Kisababu kinaweza kuwa kisonono cha ujanani kilichotibiwa nusu, au mishipa iliyovimba juu ya korodani, au matubwitubwi yaliyompata baada ya kubaleghe, au pombe, au sigara, au joto jingi kazini karibu na tanuru. Umri pia unamhusu. Mwanaume hana siku ya kukoma kama mwanamke, lakini baada ya miaka 40 mbegu zake hupungua ubora kidogo kidogo, na mimba zinazotoka nazo huongezeka.

Kipimo chake kinaitwa spermogramu. Ni kipimo chepesi kuliko vyote vya mambo haya, hakina kisu wala sindano, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko vipimo vya mwanamke. Unajizuia kukutana na bibi siku 2 hadi 7, unatoa maji yako katika chombo safi cha laboratwari, na yanafika mezani kwa mpimaji kabla ya saa moja kupita. Wengine wanauliza habari ya kuyatoa. Wanazuoni wengi wameruhusu kwa ajili ya haja ya tiba, na ikiwezekana iwe kwa msaada wa mkewe, ndiyo salama zaidi. Kikionyesha kasoro, kinarudiwa, kwa sababu mbegu hujengwa kwa muda wa miezi miwili na nusu hivi, na homa kali ya miezi iliyopita inaweza kuzipunguza.

Kwa hiyo utaratibu unaoeleweka ni huu: mwanaume apimwe mwanzoni, siku moja na mkewe, kabla bibi hajapelekwa kupigwa picha za mirija na kumezeshwa dawa za kila aina. Mara nyingi tunaona kinyume: bibi amezunguka hospitali nne, ana mfuko mzima wa karatasi, na bwana hajavua hata kofia.

Imepokelewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimtuma mtu kukusanya zaka, naye huko akaoa mwanamke, na mtu huyo alikuwa hazai. Umar akamuuliza kama alimjulisha mkewe hali hiyo. Aliposema hapana, Umar akamwamuru aende amwambie, na mwanamke apewe hiari yake. Huyo ni Umar, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Anajua kuwa mwanaume anaweza kuwa ndiye tasa, na anajua kuwa mwanamke ana haki ya kuambiwa. Kwa hiyo bwana aliyepima kwa siri, akaona majibu, akayaficha chini ya godoro, na kuacha bibi yake atukanwe na ukoo, huyo ajiandae kwa hesabu mbele ya Mola wake.

HESABU YA MIAKA

Sasa tuje kwa bibi, na hapa pia tuseme ukweli, maana ukweli uliofichwa umewapotezea wengi wakati.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote tumboni. Hatengenezi mengine. Siku anapozaliwa yanafika milioni moja au mbili, anapobaleghe yamebaki kama laki tatu au nne, na katika maisha yake yote yatakayokomaa na kutoka hayafiki 500. Mengine yanakufa yenyewe. Yanayobaki yanazeeka pamoja naye. Kuanzia miaka 32 hivi uwezo wa kushika mimba unashuka polepole, na baada ya 37 unashuka kwa haraka. Mwanamke mwenye afya wa miaka 30 ana nafasi kama 20 katika 100 kila mwezi. Wa miaka 40 hazifiki 5 katika 100. Hii haina maana kwamba hatazaa, kwani wapo wengi mitaani kwetu waliozaa wakiwa na 41 na 42. Maana yake ni kwamba hana miezi ya kupoteza.

Imepokelewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu. Akawaamuru wajitibu, na akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Hadithi hii watu wanaishika nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Mirija iliyoziba ina dawa, kisonono kina dawa, uvimbe wa kizazi una dawa. Yai lililozeeka halina. Yeyote anayekuuzia mzizi, au chupa, au hirizi ya kurudisha ujana wa kizazi, anakuuzia kitu ambacho Mtume (s.a.w.) alikwisha kutuambia hakipo.

Kwa hiyo shika hesabu hii. Bibi ambaye hajafika miaka 35, wakikaa mwaka mzima wanakutana bila kuzuia na hakuna mimba, waende wapimwe. Akiwa amepita 35, wasingoje mwaka, wangoje miezi 6. Akiwa amepita 40, waende mara moja. Na mwenye hedhi isiyo na mpango, au aliyewahi kupasuliwa tumbo, au kuugua sana baada ya kuzaa au mimba kutoka, asingoje kabisa.

Bibi wa Kiislamu ana kitu ambacho wengine wanapaswa kufundishwa: anajua siku zake, kwa sababu ya sala. Anajua damu ilianza lini na ilikatika lini. Aandike. Kwa yule ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14 ukihesabu toka siku ya kwanza ya damu. Mwenye mzunguko wa siku 32, ni karibu siku ya 18, yaani wiki mbili kabla ya hedhi ijayo. Mimba inaingia katika siku 5 zinazotangulia na siku ile yenyewe, basi. Wakutane kila siku mbili katika siku hizo. Na tazama jambo hili: bwana anayefanya kazi machimboni au anayefuata bidhaa mbali, akarudi nyumbani siku tatu kwa mwezi, anaweza kukaa miaka minne bila mtoto na wote wawili ni wazima kabisa. Walikosa siku tu. Wengine wameachana kwa sababu hiyo.

SI LAANA, NI UGONJWA

Katika nchi yetu hii ya Kongo, kwenye uchunguzi mkubwa wa hesabu ya watu uliofanywa mwaka 1955 hadi 1957, ilionekana kuwa sehemu za Uele na Tshuapa zilikuwa na wanawake wengi mno wasio na mtoto hata mmoja.  Watafiti walipochunguza walikuta kisababu kikubwa ni magonjwa ya zinaa, yaliyoziba mirija ya wanawake na kuharibu njia za wanaume. Dawa ya penisilini ilipoenea, uzazi ukaanza kupanda. Hakuna tambiko lililofanya hivyo.

Na mpaka leo, katika Afrika yetu, kuziba kwa mirija kutokana na maambukizo ni kisababu kikubwa sana. Maambukizo hayo yanatoka wapi? Yanatoka kwenye zinaa, ndiyo, na mara nyingi ni bwana aliyeyaleta nyumbani naye hakuhisi kitu. Lakini yanatoka pia kwenye kujifungulia mahali pachafu, na kwenye mimba iliyotoka na haikusafishwa vizuri. Kwa hiyo usimwangalie kila mwenye mirija iliyoziba ukafikiri ni mzinzi. Kumsingizia mwanamke mwema uchafu ni katika madhambi makubwa, na adhabu yake ni viboko 80, imo katika Suratu Nnur.

Kusomewa Qur'ani ni jambo jema, kufanya istighfari ni jambo jema, na dua ya Zakariya tuisome usiku na mchana. Lakini dawa za kuingiza sehemu za siri, majani ya kujipigia enema, unga wa kuchanjia chini ya kitovu, tumeona zinachoma na kuleta vidonda, na vidonda ndivyo vinavyoziba zaidi. Kuhusu wale wanaodai mbuzi mweupe na kitambaa chekundu, hatuna haja ya kupoteza wino.

YALIYORUHUSIWA NA YALIYOKATAZWA KATIKA TIBA

Tangu mwaka 1978, alipozaliwa Uingereza mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilianzia katika chombo nje ya tumbo la mama, Waislamu wameuliza: je, inajuzu? Sheikh Jad al-Haqq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikaa Amman, Jordan, Oktoba 1986, likatazama njia saba. Likaruhusu mbili pale penye haja: mbegu ya mume na yai la mkewe kukutanishwa nje kisha kurudishwa katika tumbo la mke huyo huyo, na mbegu ya mume kuwekwa na daktari ndani ya mkewe. Njia tano zikakatazwa, zote ambazo mtu wa tatu anaingia: mbegu ya mwanaume mwingine, yai la mwanamke mwingine, au tumbo la kukodi. Nasaba haichanganywi. Na yawe wakati ndoa ipo.

Lakini ndugu yangu, kabla hujauza parsela ili kusafiri nchi za mbali kwa tiba hiyo ya maelfu ya dolari, jua mambo mawili. Haifaulu kila mara, hata kwa vijana. Na haibadilishi umri wa yai: mwenye miaka 43 akiitumia kwa mayai yake mwenyewe, nafasi yake ni ndogo sana. Uliza daktari akutajie nafasi yako kwa hesabu, na asipotaka kutaja, mashaka yako yawe na msingi.

MIMBA IKIINGIA

Alhamdulillahi. Hapa tunao ushauri mmoja ulio mzito kuliko mingine: usiifiche hospitalini. Desturi ya kuficha mimba miezi mitatu au minne kwa kuogopa kijicho tunaifahamu, na jirani si lazima ajue. Lakini mkunga ajue mapema, kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani toka mwaka 2016 linashauri mwenye mimba aonwe mara 8, si mara 4 kama zamani. Vidonge vya asidi foliki vya mikrogramu 400 kila siku, vizuri kuanza hata kabla ya mimba kuingia, vinakinga mgongo na ubongo wa mtoto. Chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kwenye C.P.N. kuanzia mwezi wa nne.

Mwenye mimba aliyepita miaka 35, na zaidi aliyepita 40, yumo katika hatari kubwa zaidi ya tansyo kupanda, ya sukari ya mimba, ya kondo la nyuma kukaa vibaya, ya kupasuliwa, na ya mimba kutoka. Akiwa na 40, karibu mimba moja katika tatu hutoka yenyewe. Tunaisema ili asikie yule iliyemtoka: hukuinua kitu kizito, hukukanyaga kitu cha mtu, jirani hakukuangalia vibaya. Mara nyingi ni yai lenyewe lililokuwa na kasoro. Na mtoto mwenye trizomi 21, umri wa mama ukiwa 40, ni mmoja kati ya 100 hivi. Akizaliwa huyo mmoja, ni amana kama wengine, na anafanyiwa akika kama wengine.

Kichwa kikiuma sana na hakiachi, macho yakiona nyota, uso na mikono ikivimba, damu ikitoka hata kidogo, tumbo likiuma juu upande wa kulia, au mtoto akinyamaza tumboni: ni siku ile ile, usiku au mchana, si kesho. Mimba ya kwanza katika umri huu ijifunguliwe pale penye chumba cha upasuaji. Bwana, kama unasafiri, acha neno mapema mbele ya mashahidi kwamba bibi yako apasuliwe ikihitajika, na acha na pesa. Wanawake wamekufa huku jamaa wakitafuta simu ya bwana. Gharama ni juu yako. Katika Suratu Talaq Mwenyezi Mungu ameamuru hata mwanamke aliyeachwa akiwa na mimba agharimiwe mpaka ajifungue, sembuse yule aliye katika nyumba yako.

NA ISIPOINGIA

Suratu Ash-Shura, aya mbili, ya 49 na ya 50, inataja mafungu manne: anayepewa mabinti, anayepewa wana, anayepewa wote, na anayefanywa kuwa hazai. Fungu la nne limetajwa pamoja na mengine, na limetajwa bila lawama. Bibi Aisha (r.a.) hakuzaa. Mtume (s.a.w.) hakumwacha, hakumsimanga, na alimpa jina la heshima, Ummu Abdillahi, kwa mtoto wa dada yake Asmaa, Abdallah bin Zubeir. Bado kuna mtu atasema kwamba mwanamke asiyezaa hana cheo?

Yatima tunao. Kumlea yatima, kafala, ni thawabu kubwa. Kilichokatazwa ni kumbadilisha jina la baba yake na kumfanya wa damu, kama ilivyo katika Suratu Al-Ahzab. Hachukui mirathi, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Na kuna jambo wengi hawalijui, linaloondoa taabu ya hijabu nyumbani baadaye: mtoto akiwa bado hajatimiza miaka miwili, anyonyeshwe mara tano za kushiba. Ukilea mvulana, anyonyeshwe na dada wa bibi, atakuwa mtoto wa dada yake kwa kunyonya, naye ni maharimu wake. Ukilea msichana, anyonyeshwe na dada wa bwana, kwa sababu hiyo hiyo. Usikosee upande.

SWALI LILILOLETWA

Bibi mmoja ameandika: nina miaka 39, nimepata mimba baada ya miaka 6, Ramadhani inakuja, nifunge au nisifunge? Jibu: muulize daktari kwanza, kwa sababu umri wako na tansyo yako vina hukumu. Akikukataza, au wewe mwenyewe ukihofia, usifunge, na usione haya. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ukiacha kwa kuhofia nafsi yako, au nafsi yako na mtoto, utalipa siku hizo tu. Ukiacha kwa kumhofia mtoto peke yake, utalipa siku na utatoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, kwa masikini. Huna haraka ya kulipa kabla hujapata nguvu. Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama.

Wallahu aalam.

Darasa la akina mama ni Jumapili baada ya Alasiri. Safari hii mabwana pia wameitwa. Atakuwapo mkunga kujibu maswali, na mwenye haya aandike swali lake katika karatasi bila jina, aliweke katika sanduku la mlangoni.